Mpenzi na Mlinzi wa Gereza

Kitabu kibaya si kile kionyeshacho uovu, bali ni kile kiuvishacho uovu joho la harusi. Kwa kipimo hiki, riwaya za mapenzi ya giza zinazohusu wanamichezo, ambazo zimeenea sana Marekani na Kanada katika miaka hii, haziwezi kuponyoka hukumu.

Shujaa wake aghalabu ni nahodha katika mpira wa magongo uchezwao juu ya barafu: kijana mwenye nguvu, mali na sifa. Humpenda msichana, lakini kupenda kwake ni kunyemelea. Hupekua simu yake, humfuata njiani, humchagulia nguo na marafiki, na humpiga kila mwanamume amtazamaye. Mwisho humvika jezi yenye jina lake mgongoni, kama mfugaji atiavyo ng'ombe chapa. Na msomaji hutakiwa aione chapa hiyo kuwa heshima.

Ajabu kubwa ni kwamba haya yamewekwa ndani ya mchezo, nao mchezo ni shule ya kujizuia. Katika ligi kuu ya magongo ya Marekani na Kanada, mchezaji apiganaye hutolewa akakaa nje dakika 5. Katika riwaya hizi, apiganaye kwa wivu hakai nje hata dakika moja, hutunukiwa busu. Uwanja wa barafu una mwamuzi. Chumba cha wapendanao hakina.

Watetezi husema kwamba hizo ni ndoto tu, na kwamba wanawake wenyewe ndio waandishi na wasomaji wake wengi, nao hujua tofauti ya kitabu na maisha. Hoja hiyo ina uzito. Mtu mzima hastahili kufungiwa kabati la vitabu, wala fasihi haiwezi kuupiga wivu marufuku. Shakespeare alimwonyesha Othello, askari mwenye sifa, akinywa sumu ya wivu. Lakini hakumficha Desdemona aliyeuawa kitandani. Riwaya hizi huuchukua wivu wa Othello, hulikata tendo la mwisho, na mahali pa jeneza huweka keki ya harusi. Hapo ndipo ulipo uwongo wake.

Yamkini msomaji wa Kiswahili atadhani kuwa balaa hilo ni la barafu za mbali. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwezi uliotangulia, alifariki hospitalini Eldoret, Kenya, baada ya aliyekuwa mpenzi wake kummwagia petroli na kumtia moto. Hakuna riwaya iliyowasha moto ule, na kusema hivyo ni dhulma. Taarifa za wakati ule zilitaja ugomvi wa ardhi. Lakini kifo kile ni tendo la mwisho ambalo riwaya hizi hulikata: mwenzi aliyedhaniwa kuwa mali, akateketezwa kama mali.

Basi mwandishi wa Kiswahili atakayevutwa na soko hilo ana hiari yake. Auandike wivu, aliandike na giza. Lakini asilifute tendo la mwisho. Kufuli haligeuki kuwa pete kwa kupakwa dhahabu.