Subaru ikiipita Porsche, mama uliza breki

Sehemu ya 9

  Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, nimepika, mtoto kaoga, sasa nina nafasi. Wiki iliyopita tuliongea degedege. Leo mnivumilie, naongelea magari. Msicheke, mkifika mwisho mtajua kwa nini nesi kaingia gereji.

Baba watoto ana Subaru Impreza, ile ya milango minne. Anaipenda jamani, mpaka nilishawahi kumuuliza kama angeitolea mahari. Kila Jumapili wenzake wanakuja barazani, nawawekea chai, na mada ni ileile: gari ya milioni kumi na kitu, ukiitengeneza vizuri, inaweza kuiacha Porsche ya mamia ya milioni? Wanabishana mpaka chai inapoa. Mimi nilikuwa naona ni utoto tu. Baadaye nikaanza kusikiliza, nikauliza maswali, nikasoma. Nikakuta jambo ambalo sikulitegemea: kwa upande wa kasi, wana hoja.

Chukua mfano. Porsche 911 Carrera iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na injini ya lita 3.4 yenye nguvu za farasi 300. Wakati huohuo Japani walikuwa wanauza Impreza WRX STI, injini ya lita 2.0 tu, lakini ina turbo na inasukuma matairi yote manne. Kwenye karatasi, nguvu za farasi 280. Na hiyo 280 yenyewe ilikuwa makubaliano. Viwanda vya Japani vilikubaliana visitangaze zaidi ya hapo, na vikashikilia hivyo mpaka 2004. Kutoka kusimama mpaka spidi 100, zote mbili ni sekunde 5 hivi. Moja ina milango miwili na bei ya nyumba. Nyingine ina milango minne, siti ya nyuma ya watu watatu, na buti la kuweka begi la nepi na ndoo ya samaki.

Na siyo maneno ya barazani tu. Mwaka 1995 Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia wa rali akiwa na Impreza. Mwaka 1997 akashinda Safari Rally hapo kwa jirani zetu Kenya, tena na Impreza. Tommi Mäkinen naye alichukua ubingwa miaka minne mfululizo, 1996 hadi 1999, akiwa na Mitsubishi Lancer Evolution. Hizo ni gari za familia zilizopikwa zikaiva. Kwa hiyo mama, mumeo au kaka yako akikwambia gari ya bei poa inaweza kukimbizana na gari ya matajiri, hadanganyi.

Ila hapo ndipo mimi naanza ugomvi wangu.

Mwezi wa nne, mvua za masika. Tunatoka kwa bibi yao, saa mbili usiku, barabara inang'aa maji. Nimekaa mbele, nimempakata mdogo, wakati huo ana mwaka mmoja na kilo zake 10. Hatukuwa spidi kubwa. Mbele kuna zebra, mama mmoja kamshika mtoto mkono, anavuka. Baba watoto akakanyaga breki. Gari haikusimama, iliteleza. Nilimwona yule mama akimvuta mtoto kwa nyuma, kanga ikamdondoka. Sisi tukasimama tukiwa tumeshapita mistari yote ya zebra.

Hakuna aliyeumia. Namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini usiku ule sikulala. Tairi za mbele zilikuwa kipara. Na miezi miwili kabla, gari ileile ilikuwa imefungwa ekzosi mpya ya kuunguruma. Tulikuwa tumenunua mlio kabla ya kununua kusimama.

Na mimi sijitoi. Mimi ninayewapokea watu idara ya dharura, ninayewaambia wazazi kila siku "mtoto asikae mbele", nilikuwa nimempakata wangu mbele. Eti ni karibu tu, ni kwa bibi.

Sasa ngoja niwaeleze hesabu ambayo mabishano ya barazani huwa hayafiki.

Kasi ikizidishwa mara mbili, nguvu ya kugonga haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Na umbali wa kusimama nao ni hivyohivyo. Kama breki zako zinakusimamisha kwa mita 14 ukiwa spidi 50, ukiwa spidi 100 utahitaji kama mita 55. Hapo sijahesabu muda wa dereva kushtuka. Sekunde moja ya kushtuka kwenye spidi 100 ni mita 28 zimeshaondoka kabla mguu haujagusa breki.

Sasa weka gari mbili sambamba kwenye spidi 100. Moja ni gari ya michezo yenye breki kubwa na tairi nzuri, inasimama kwa mita 36. Nyingine injini imeongezwa nguvu, ila breki na tairi ni za zamani, inasimama kwa mita 50. Tofauti ni mita 14, utasema si kitu. Lakini pale ya kwanza iliposimama kabisa, ya pili inapita bado ina spidi 50 na zaidi. Rudia kusoma hapo. Mwenye gari ya kwanza anashusha pumzi, mwenye ya pili anagonga kwa spidi ambayo ukiigeuza kuwa kuanguka, ni kama kudondoka kutoka juu mita 10.

Na yule mtoto wa kilo 10 uliyempakata? Gari ikigonga kwa spidi 50, mwili wake unavutwa mbele kama mzigo wa kilo 200 au zaidi. Hayo ni magunia mawili ya mahindi. Hakuna mikono ya mama inayoshika magunia mawili, hata umpende vipi.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Siyo malaria kwa umri huo, siyo UKIMWI. Barabara.

Kwa hiyo nikimjibu baba watoto swali lake la Jumapili, jibu langu ni hili: hela nyingi ya gari ya michezo haiko kwenye sekunde 5 za kuondoka. Hizo hata fundi wa mtaani anaweza kukupatia kwa kuchezea turbo na kompyuta ya gari. Hela iko kwenye vitu ambavyo havipigi kelele. Diski kubwa za breki zinazopoa haraka. Tairi pana laini. Upoozaji wa injini. Chasisi iliyopimwa ikimbie kasi hiyo saa nzima, isimame, ikimbie tena, isimame tena, na mara ya kumi isimame kama mara ya kwanza. Breki ndogo zikipata moto zinalegea, na wote mnaoteremka Kitonga mkitokea Iringa mnaijua harufu yake.

Na tusiwaonee Wajapani. Wao walilijua hilo. STI halisi za miaka ya 2000 zilitoka kiwandani na breki za Brembo, kampuni ya Italia inayotengeneza breki za magari ya mashindano. Mhandisi aliyeongeza nguvu aliongeza na breki, akakaza na shokapu. Kosa halipo kwenye bei ya gari. Kosa ni sisi kuchukua Impreza ya kawaida ya lita 1.5, tukabandika nembo ya STI nyuma, tukaongeza mlio na turbo, tukaacha breki za kumpeleka bibi kanisani.

Kuna mengine mtaani yananitia uchungu kama nesi. Watu wanakata springi ili gari ilale chini, kumbe wameiharibia kushika barabara. Wanang'oa usukani wa kiwandani wanafunga ule mdogo wa mashindano, na mfuko wa hewa wa dereva unaondoka na usukani wa zamani. Wanatoa siti za nyuma gari iwe nyepesi, halafu watoto wanakalishwa juu ya mto. Jamani.

Najua kuna atakayesema, "Nesi, viti vya watoto ni mambo ya Ulaya, sisi hali ngumu." Nakuelewa, hali ni ngumu hata kwangu. Lakini nyumba iliyopata hela ya ekzosi na rimu haiwezi kuniambia haina hela ya kiti cha mtoto. Hapo tatizo siyo umaskini, ni mpangilio. Na sikatazi mtu kupenda kasi. Anayeipenda aitafute kwenye uwanja uliofungwa, wenye wasimamizi na kofia ngumu, siyo kwenye barabara ya watoto wa shule.

Kwangu tulikaa chini. Hela yangu ya kikoba ilikuwa inatoka, na baba watoto alikuwa ameshaipangia turbo kubwa zaidi. Nikamwambia, baba, sikukatalii gari yako. Kila shilingi ya kukimbia itanguliwe na shilingi ya kusimama. Alinuna siku mbili. Wenzake wakacheka, wakasema shemeji kawa trafiki. Nikawaambia trafiki anawatoza faini, mimi nawashona.

Mama, hivi ndivyo vitu vya kukagua kwa macho yako, huhitaji kuwa fundi:

1. Tairi. Pembeni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna namba nne. Ukiona 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ikipita miaka 6 mpe fundi aikague kila mwaka, ikipita 10 itoke hata kama inang'aa. Tairi za mtumba nyingi zinauzwa kwa kung'aa.

2. Breki. Uliza pedi zilibadilishwa lini. Uliza na mafuta ya breki, kwa sababu yanavuta maji taratibu, na kwa gari nyingi hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Ukisikia chuma kinasaga, usisubiri mwisho wa mwezi.

3. Mikanda ya nyuma. Ivute kwa nguvu, ione kama inakaba. Nyingi zimefichwa chini ya makava ya siti.

4. Kiti cha mtoto. Kifungwe siti ya nyuma. Kile cha mtoto mchanga kinachoangalia nyuma kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa, ukifutuka unakipiga kiti chenyewe. Ukipata cha mtumba, chukua kwa mtu unayemjua atakayekuambia ukweli kama kilishapata ajali.

5. Baada ya hapo, turbo. Akitaka.

Sisi tulinunua tairi nne mpya, pedi, mafuta ya breki na kiti cha mtoto. Turbo inasubiri. Mdogo alilia siku tatu za kwanza akifungwa kwenye kiti, ya nne akalala.

Jumapili iliyopita mabishano yaliendelea kama kawaida, Porsche hivi, Evo vile. Nilipotoka na chupa ya chai nikamkuta mmoja wao, aliyeniita trafiki, kachuchumaa kwenye gari yake peke yake, kawasha tochi ya simu, anasoma namba za tairi. Sikumsemesha. Nikamwekea kikombe chake pembeni.

Leo usiku na wewe toka nje na tochi, usome namba nne za tairi za gari inayowabeba watoto wako. Ukikuta ni za zamani, mwonyeshe mwenye gari kwa upole, kabla hajaenda kwa fundi kununua mlio.

Sehemu ya 10 tutaongea kumwachisha mtoto ziwa bila vita. Usiku mwema.