Divai ya Pinet na Chaza
Kusini mwa Ufaransa, katika jimbo la Languedoc, kandokando ya ziwa la maji ya chumvi liitwalo Thau, hulimwa mizabibu ya aina ya piquepoul. Divai nyeupe itokanayo nayo, Picpoul de Pinet, ilipata mwaka 2013 daraja la jina lake lenyewe, lenye kulindwa kwa sheria. Jua la huko ni kali, na zabibu nyingi ziivapo katika joto hupoteza uchachu; piquepoul hubaki nao, na hiyo ndiyo thamani yake.

Mwenye kuletewa chupa hiyo asiharakishe. Kwanza atazame rangi: manjano hafifu, pengine yenye dalili ya kijani. Kisha aizungushe bilauri, anuse; harufu ni ya ndimu na maua meupe. Akinywa, mate yatamjaa kinywani. Kosa la wengi ni kuipoza mno hata harufu ikafa, nao hulaumu divai! Nyuzi 8 hadi 10 zatosha. Wala isifichwe kabatini miaka mingi kama dhahabu ya arusi. Hunywewa ingali changa. Wenyeji huiandamanisha na chaza wabichi wa Bouzigues, wafugwao katika ziwa hilohilo, wala chaza hao hawahitaji kukamuliwa ndimu.