Hidaya ya Mkono Haina Aibu

Jumapili ya tatu ya Majilio, katika kanisa moja la mwambao ambalo sitalitaja jina, mhubiri alisimama mimbarani akatuambia, baada ya kusoma habari za Mamajusi, ya kwamba mtu mzima mwenye kazi yake, ambaye siku ya Krismasi huwapelekea wazazi na akraba zake kashata, achari au mkeka uliosukwa nyumbani, anamwaibisha Mwokozi aliyeletewa dhahabu. Na kwamba kumpa mtu kitu kisichotoka dukani ni kumtangazia kuwa humthamini. Waumini waliitikia kwa vichwa, na wengine wakacheka. Mimi sikucheka, na tangu siku ile ghadhabu haijanitoka, kwa kuwa maneno yale si ya mhubiri peke yake, bali ni itikadi iliyokwisha kuota mizizi majumbani mwetu, ya kuwa mapenzi hupimwa kwa risiti, na kwamba hidaya iliyotoka jikoni au ukumbini ni hidaya ya bakhili au ya fukara.

Kwanza na tuwatazame hao Mamajusi, maana wamesingiziwa mengi. Injili ya Mathayo haisemi walikuwa wangapi, wala haitaji kima cha walivyovileta. Inataja dhahabu, uvumba na manemane, na kusema kwamba walivitoa katika hazina zao. Mhubiri wetu aliikamata dhahabu akaviacha viwili vilivyobaki, na laiti angalivitazama angaliona kwamba uvumba, ambao sisi watu wa pwani twauita ubani, ni utomvu wa mti ambao hukwanguliwa gome, ukatoka matone matone, ukagandishwa na jua. Miti yake huota Dhofari, Hadhramaut na nchi ya Wasomali, na manemane nayo ni utomvu wa aina hiyo hiyo. Walitoa walichokuwa nacho. Hawakukopa njiani wapate kujionyesha mbele ya Mariamu na Yusufu.

Tena, kama ni Maandiko anayoyataka, mbona hatuhubirii habari za Dorkasi wa Yafa, ambaye Matendo ya Mitume humtaja kwa Kiaramu Tabitha? Mama huyu alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea kwa mkono wake wakati wa uhai wake. Na hakuna popote tuambiwapo kwamba Petro aliuliza nguo zile zimenunuliwa wapi. Au aende Unguja, kanisa la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, autazame msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, ule uliozikwa chini yake moyo wa Livingstone. Ni mti mtupu uliopitiwa na mkono wa fundi, na watu hutoka nchi za mbali kuja kuuona.

Hoja yangu ni moja, nami nitairudia hata isikike: hidaya ni kitu kitokacho kwa mtoaji, na kitu kilichonunuliwa kwa fedha ya deni hakitoki kwa mtoaji, hutoka kwa mkopeshaji. Kila mwezi wa Desemba nawaona watu wenye akili timamu, walimu, makarani na mafundi, wakichukua mikopo ya simu, yenye riba ambayo hata kuisoma hawaisomi, ili wapeleke kijijini saa ya ukutani, seti ya glasi, au kikapu cha dukani kilichovikwa nailoni na utepe mwekundu, ambacho ndani yake hamna ila biskuti na maji ya matunda ambayo mpokeaji angaliweza kuyapata kwa jirani yake. Kisha huja Januari, shule zinafunguliwa, sare na madaftari na michango inadaiwa kwa wakati mmoja, na watu hao hao huwapigia simu wale wale waliowapa saa na glasi, wakiwaomba wawaazime chochote. Hapo nani amempa nani? Fedha hukopwa, mkono haukopwi. Mtu hawezi kwenda kwa mkopeshaji akaazima jioni zake za mwezi mzima za kukaa barazani akisuka, wala hawezi kuilipa kwa awamu subira ya kukoroga sukari motoni isiungue.

Mama yangu mdogo aliletewa na mwanawe saa ya ukutani, iliyonunuliwa kwa fedha nyingi katika duka moja kubwa la mjini, nayo ikasimama kabla ya sikukuu ya Epifania, na fundi akasema haitengenezeki. Hata leo imetundikwa sebuleni ikionyesha saa nne kasorobo, kwa sababu mama huyo hana moyo wa kumvunjia mwanawe heshima kwa kuiondoa. Mkeka alioshonewa na binti wa ndugu yake, msichana ambaye wakati huo hakuwa na senti mfukoni, ndio aulaliao kila adhuhuri.

Na watu wausemao mkeka kwa dharau aghalabu hawajui unavyopatikana. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, yakaanikwa, yakachanwa chane nyembamba za upana mmoja. Zile zitakiwazo rangi huchemshwa sufuriani na kuanikwa tena kivulini. Kisha husukwa ukili, pima baada ya pima, na ukili ule ukashonwa ubavu kwa ubavu mpaka utimie upana wa mkeka. Mwenye kutaka kuutoa Krismasi na aanze kabla Oktoba haijaisha. Asiyeweza kazi kubwa hiyo na asuke kawa la kufunikia chakula, au kipepeo, au kikoba cha kutilia iliki na mdalasini wa Amani, ambao ukiununua Muheza kwa wakulima wenyewe ni rahisi, na ndugu aliye Dodoma au Mwanza ataufungua na nyumba yake nzima ijae harufu ya Usambara.

Achari nayo imewekewa msimu wake na Mwenyezi Mungu mwenyewe, maana Desemba ndio mwezi wa maembe: embe mbichi hukatwa vipande, zikatiwa chumvi, zikaanikwa juani siku mbili tatu, kisha zikachanganywa na pilipili, kitunguu saumu, bizari na siki, zikafungwa katika chupa iliyochemshwa. Gharama yake ni chumvi na siki. Kashata hazitaki ila nazi, sukari, iliki na mkono usiochoka kukoroga, na visheti vyataka unga, mafuta na shira. Mwanamume asiyejua hata kimoja cha hivi na achonge upawa wa kifuu cha nazi, au aende kwa mama yake wiki moja kabla ya sikukuu akamtengenezee mlango wa jiko unaolia tangu mwaka juzi.

Bwana mmoja, mzee wa kanisa, aliponisikia nikiyasema haya alinijibu kwamba kashata huleta ugonjwa wa sukari. Hiyo ndiyo hoja! Naye kila Krismasi huwapelekea wajukuu kreti ya soda na keki iliyopakwa sukari ya rangi tatu, na sijamsikia akiwataja waganga. Wengine husema hawana nafasi ya kutengeneza kitu; hao ndio wanaokesha wakitazama simu mpaka jogoo la kwanza, na nafasi yao hatumwi mtu kwenda kuitafuta, imo viganjani mwao.

Fauka ya hayo, tumezoea kuagizia hata mapambo yetu. Nje ya kanisa lile mti wa mkrismasi umechanua maua mekundu toka shina hata kilele, kama unavyochanua kila Desemba, na ndani tumeusimamisha mti wa plastiki, tumeubandika pamba tuifanye theluji, katika joto ambalo mhubiri mwenyewe alikuwa akijifuta jasho. Kadi nazo twanunua, zenye picha za kulungu na mabomba ya moshi, na hata huko Uingereza desturi ya kuuziana kadi si ya kale: ya kwanza ya kuuzwa ilichapishwa London mwaka 1843 kwa amri ya Henry Cole, bwana mwenye shughuli nyingi asiyekuwa na wasaa wa kuwaandikia sahibu zake barua. Na nailoni za kufungia tunaziendea mbio, ilhali mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019 na vikapu vya ukindu vimejaa sokoni.

Lakini lililonichoma zaidi ni lililofuata baada ya ibada. Tulitoka nje, na kama ilivyo desturi, vitu walivyoleta waumini kuwa sadaka vikanadiwa: mayai, mikungu ya ndizi, kuku aliyefungwa miguu, nazi, na kikapu alichokisuka bibi mmoja mjane. Kikapu hicho kilikuwa kimewekwa madhabahuni, kikaombewa, na mnadi akakisifu. Basi kanisa litueleze kwa lugha iliyo wazi: kazi ya mkono iliyokubaliwa kuwa sadaka kwa Mungu, yawezaje kuwa matusi ikipelekwa kwa mjomba? Nimewauliza watatu katika wazee wa kanisa, na hakuna aliyenijibu ila kwa kuniambia kwamba nyakati zimebadilika.

Nawaomba akina mama wa umoja wa kanisa letu, ambao kila Novemba hukutana wiki baada ya wiki kuchangisha fedha za sare ya vitenge vya sikukuu, vitenge ambavyo mwakani havivaliki kwa kuwa itachaguliwa rangi nyingine, waziache sare hizo mwaka mmoja tu, wauite ukumbi wa parokia karakana, na wale mabibi wajuao ukili waketi mbele wawafundishe wasichana na wavulana wetu. Chane nitazinunua mimi.