Jaketi Moja, Watu Wanne

Mzazi mwenzangu, sweta huazimwa. Kule Kegonga, kwenye miinuko ya Kuria, ndugu hupeana sweta asubuhi ya baridi bila ugomvi. Lakini lipo vazi lisilovaliwa kwa zamu: jaketi la kuokolea maisha.

Kijana akiteremka hadi Muhuru Bay kutafuta kibarua cha omena, huingia ziwani usiku wa giza, maana omena huvutwa kwa mwanga wa taa. Mtumbwini wamo wanne, jaketi ni moja. Je, dhoruba itangoja zamu? Kulivaa ukiwa tayari majini ni taabu, na maji hupokonya mwili joto upesi kuliko hewa. Mikono ikifa ganzi, hata mwogeleaji hodari huzama.

Kushirikiana kuna njia yake. Wanachama wachange, wanunue majaketi yatoshe kila anayepanda. Anayerudi ufuoni amkabidhi anayeingia ziwani, baada ya kukagua mikanda. Na la mtu mzima asivikwe mtoto, litamponyoka.

Mwanao akikuomba nauli ya kwenda ziwani, muulize kwanza: utavaa jaketi la nani?