Methali Haikutaja Fimbo

Waswahili wa Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani, wengi wao waliofika kutoka Kongo na Burundi kupitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma, wana maneno yao kila shule inapowaita kuhusu mtoto asiyetulia, asiyesema au asiyesoma kama wenzake. Tuyapime moja moja.

"Ni utukutu tu. Samaki mkunje angali mbichi." Methali ni ya kweli, ila haikutaja fimbo; imetaja wakati. Usonji, disleksia na shida ya umakini ni namna ubongo ulivyoumbika. Kiboko huongeza hofu, hakifundishi kusoma. Cha kuwahi ni kumpima mtoto. Mzazi ana haki ya kuomba hilo mwenyewe, bila kungoja mwalimu. Akishatia saini ya kuridhia, sheria ya taifa inaipa shule siku 60 kumaliza vipimo, isipokuwa jimbo limeweka muda wake.

"Kiswahili ndicho kinachomchanganya, nyumbani semeni Kiingereza." Watoto wenye usonji nao hukua na lugha mbili, na watafiti hawajaona kwamba lugha mbili ndizo zinazowachelewesha. Ukimwondolea Kiswahili, umemwondolea bibi yake pia. Hata hivyo, wenye dai hili wana haki ya kuhofia jambo moja: shule inaweza kuuona ugeni wa Kiingereza ikadhani ni ulemavu. Sheria imeliona hilo. Kutojua Kiingereza hakuwezi kuwa sababu ya kumwita mtoto mlemavu, na vipimo vifanywe kwa lugha anayoimudu, kila inapowezekana.

"Ukisaini tu, wanamtenga milele." Kabla ya 1975 hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani shule nyingi za Marekani ziliwafungia milango watoto wenye ulemavu. Sheria iliyopitishwa mwaka huo, ambayo tangu 1990 inaitwa IDEA, inataka mtoto asome pamoja na wenzake kadiri inavyomfaa. Mpango wake wa masomo, ule wanaouita IEP, hupitiwa walau mara moja kwa mwaka. Mzazi akighairi, anaweza kuiondoa ridhaa yake kwa maandishi.

"Kikao ni cha walimu, mimi Kiingereza sijui." Mzazi ni mjumbe wa kikao kinachopanga IEP, na kumleta mkalimani ni wajibu wa shule, bila malipo. Usikubali kaka wa mtoto awe mkalimani. Atayaficha ya aibu, na atayabeba yasiyo ya umri wake.

"Kumsherehekea mtoto wa namna hii ni kumdekeza." Waulizeni walimu wa kwaya zenu. Mwenye sauti ya nne halazimishwi kuimba ya kwanza, na hakuna anayesema kadekezwa; hufundishwa ya kwake, tena kwa ukali, mpaka wimbo ukamilike. Darasani ni vivyo hivyo. Mtoto anayeelewa kwa kusikia asomewe, anayesumbuliwa na kelele apewe pembe tulivu, kisha wote wadaiwe kazi. Kusherehekea si kukana shida. Ni kukataa kumhesabu mtoto kwa shida yake peke yake.

Basi methali ibaki, ila tuitii yote. Andika barua ya kuomba vipimo, weka tarehe, baki na nakala. Samaki angali mbichi.