Orodha ya Sifa Si Usawiri

Uhakiki wetu umezoea kumkagua mhusika kama mzigo wa forodhani: hufunguliwa, yaliyomo yakaorodheshwa, kisha ukapigwa mhuri. Hapa Machakos, kama kwingineko nchini, mwanafunzi hukariri kwamba Rosa ni mtiifu, kisha ni mwasherati. Humbandika neno “duara” au “bapa”, istilahi tulizoazima kwa E. M. Forster (1927), naye huhesabiwa kuwa amehakiki. Nadai kwamba hajahakiki lolote.

Rosa Mistika wa Kezilahabi (1971) hakumbukwi kwa sifa zake. Anakumbukwa kwa barua. Zakaria, mlevi asiyeitunza nyumba yake, anampiga bintiye kikatili kwa kuwa ameandikiwa barua na kijana Charles. Kipigo kile kinamfundisha kuwaogopa wanaume, hakimfundishi kuwajua. Na akiwa mbali na macho ya baba, woga huo haumkingi tena. Utiifu na uasherati, basi, si sifa mbili zilizopangwa katika orodha: huo wa kwanza ndio uliouzaa wa pili. Mwandishi hakututajia tabia. Alitupa tukio, akaliacha lizae.

Wako watakaosema kwamba Rosa ni kielelezo tu cha malezi mabaya. Ingekuwa hivyo, insha fupi ingetosha, wala kifo chake kisingetuuma.

Tumtazame pia Kongowea Mswahili katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Jina lake limebeba hoja nzima juu ya lugha. Lakini kinachotufanya tumfuate kutoka Tanga hadi Kitale si jina, ni haja ya yatima anayemtafuta babaye.

Nitakumbushwa Karama wa Shaaban Robert katika Kusadikika (1951), ambaye jina lake ndilo tabia yake. Ni kweli, na ni kwa makusudi: mshtakiwa yule ameumbwa ili hoja zipate msemaji. Tunazikumbuka hoja zake; lakini nani ajuaye Karama huota nini usiku? Kosa si la Shaaban. Kosa ni letu sisi tunaowapima akina Rosa kwa kipimo cha Karama.

Basi tulibadilishe swali la mtihani. Badala ya “Taja sifa nne za Rosa”, tuulize: Rosa anataka nini, nani anamnyima, na kunyimwa huko kunamsukuma atende nini? Mwanafunzi hataweza kulijibu kwa kukariri. Itambidi airudie riwaya. Na mwalimu wake pia.