Kizunguzungu cha mama na daktari wa kwenye simu

Wadau mnaosema daktari wa kwenye simu ni utapeli, hapo siko nanyi. Mama kila akijigeuza kitandani nyumba inazunguka, dakika haiishi inatulia. Kaambiwa presha, kameza vidonge miezi miwili, wapi! Kumleta Dar kungekula boom lote. Juzi daktari kwa video akauliza kwanza kama ulimi unakuwa mzito au mkono unalegea (hapo ni hospitali mbio). Hakuna. Akamwelekeza dada: mgeuze kichwa kulia, mlaze chali haraka, kichwa kining'inie kidogo, simu karibu na macho. Macho yakacheza! Kumbe vichembe vya chokaa vimehama ndani ya sikio. Wakamgeuza hatua kwa hatua, njia aliyoichapisha daktari Epley wa Marekani mwaka 1992. Mama kaamka mzima. Sasa utapeli uko wapi?